Farasi-bahari: kama ana mimba, kwa nini asiitwe mama?

Mpwa wangu ana miaka tisa na hapokei jibu la nusu. Juzi alinijia na kitabu mkononi, kidole amekibana kwenye ukurasa, akanionyesha picha ya farasi-bahari mwenye tumbo lililotuna. Chini ya picha paliandikwa kwamba huyo ni dume na ana mimba.

"Mjomba, kama yeye ndiye anayebeba mimba, si wangemwita mama tu, yakaisha?"

Nilifungua mdomo nimjibu kwa sentensi moja, nikaufunga. Lilikuwa swali la aina ile ambayo ukivuta uzi mmoja, unatoka na wa pili.

Jibu la haraka ni hili. Wanabiolojia hawamtambui dume kwa tumbo, wanamtambua kwa mbegu. Katika viumbe wanaozaana kwa jinsia mbili, mmoja hutoa mbegu kubwa na chache zenye akiba ya chakula ndani yake, yaani mayai. Huyo ndiye jike. Mwenzake hutoa mbegu ndogo mno kwa wingi. Huyo ndiye dume. Nani atabeba, nani atalea, nani atalinda kiota, hayo ni mambo ya baadaye, na kila jamii ya viumbe ina utaratibu wake. Sato wa Ziwa Victoria huatamia mayai mdomoni, na anayefanya hivyo ni mama. Samaki wengine wengi humwachia baba ulinzi wa mayai, mama akishataga huenda zake.

Kwa farasi-bahari, mayai hutengenezwa na mama. Siku ya kupandana, wawili hao hukabiliana tumbo kwa tumbo, na mama huyaingiza mayai yake kwa kijimrija cha kutagia ndani ya mfuko ulio upande wa mbele wa mkia wa dume. Dume huyarutubisha humo humo. Kuanzia hapo mama hana cha kubeba. Baba ameshika amana, lakini bado ni baba.

Mpwa wangu alinitazama kwa jicho la mtu aliyepunjwa. "Sasa kwa nini amwachie yeye?"

Hapo ndipo kazi ilipo. Na nimegundua kwamba ukitaka kuwaelewa samaki hawa, usianzie tumboni ambako kila mtu anaanzia. Anzia mdomoni.

Familia yao kisayansi inaitwa Syngnathidae, neno lililoundwa kwa Kigiriki, lenye maana ya taya zilizoungana. Ina aina zipatazo 300, na farasi-bahari ambao tunawajua kwa sura ni wachache humo, hawafiki 50. Wengi waliobaki ni samaki wembamba walionyooka kama kijiti, wanaojificha kwenye nyasi za bahari na miambani. Hapa nitawaita samaki-mrija, maana mwili na mdomo wote ni mrija. Wamo pia majoka-bahari wa Australia, wenye vishada vya ngozi vinavyofanana na mwani. Majoka hao wanajulikana aina tatu tu, na ya tatu, yenye rangi nyekundu ya kito, ilitambulishwa kwa wanasayansi mwaka 2015.

Wote hawa wana mdomo mrefu usiofunguka ila kwenye ncha. Hawana meno. Hawana pia ule mfuko ambao sisi tunahifadhia chakula kabla hakijaenda utumbuni. Ndiyo, samaki maarufu kuliko wote kwa tumbo lake hana tumbo. Anachomeza kinapita upesi, kwa hiyo hana budi kula karibu kutwa nzima.

Windo lake kubwa ni vijidudu vya jamii ya kamba viitwavyo kopepodi, vingine vidogo kuliko ufuta. Visikudanganye kwa udogo. Kopepodi ana hisia kali ya mtikisiko wa maji, na akishtuka huruka ndani ya sehemu chache tu za elfu moja ya sekunde. Samaki wa kawaida akimjia, wimbi la kichwa chake linamtangulia kupiga hodi. Farasi-bahari hana mbio za kumkimbiza, basi anamnyemelea. Mwaka 2013 watafiti wakiongozwa na Brad Gemmell walichunguza farasi-bahari mdogo wa Ghuba ya Mexico, Hippocampus zosterae, na kukuta kwamba umbo la kichwa chake huacha maji yaliyo juu ya ncha ya mdomo yakiwa karibu yametulia kabisa, hata anaposogea. Katika maji yasiyochafuka alifanikiwa katika majaribio zaidi ya 8 kati ya 10.

Akishafika karibu, kinachofuata jicho letu haliwezi kukiona. Nyuma ya kichwa kuna kano ambazo misuli imezivuta taratibu, kama mtu anavyovuta upinde. Zikiachiwa, kichwa kinaruka juu, ncha ya mdomo inafika kwa windo, mdomo unapanuka ndani na kufyonza. Ni sehemu chache za elfu moja ya sekunde, na kopepodi amekwisha. Mwenzake Gemmell katika fani hii, Sam Van Wassenbergh wa Antwerp, Ubelgiji, alionyesha mwaka 2011 kwamba ile shingo iliyopinda, ambayo ndiyo imempa samaki huyu jina la farasi, inamwezesha kufika mbali zaidi kuliko samaki-mrija aliyenyooka. Mrija humfuata windo kwa kuogelea. Farasi amejifunga mahali pamoja, hivyo kila milimita anayoongezewa na shingo ni riziki.

Mkia wake ndio kamba aliyojifungia. Mikia ya wanyama wengi ni ya mviringo. Wa farasi-bahari una pembe nne, umezungushiwa vibamba vya mfupa vinavyoteleza kimoja juu ya kingine. Mwaka 2015 Michael Porter na wenzake walichapisha katika jarida la Science majaribio waliyofanya kwa mikia ya kutengeneza, mmoja wa mraba na mwingine wa mviringo. Ule wa mraba ulistahimili kubanwa na kupigwa bila kuharibika, na ulishika vizuri zaidi. Mkia wa namna hii, hata hivyo, hauna pezi la kusukumia maji. Kinachomsogeza ni kapezi ka mgongoni kanakotetemeka mara makumi kwa sekunde. Huyu Hippocampus zosterae niliyemtaja anatambulika kuwa samaki mwenye mwendo wa pole kuliko wote: mita moja na nusu kwa saa. Kobe angempita huku akisinzia.

Mapezi ya tumboni nayo hayapo kabisa. Mwaka 2016 ramani ya jeni za Hippocampus comes, wa Asia ya Kusini-Mashariki, ilionyesha kwamba jeni iitwayo tbx4, ambayo kwa wanyama wengine huongoza uotaji wa viungo vya nyuma, imepotea. Watafiti wakaizima jeni hiyo kwa samaki mwingine wa maabara, na samaki huyo akakosa mapezi ya tumboni. Jeni za kutengeneza tabaka gumu la meno nazo zilikuwa hazipo. Yakumbuke hayo mapezi ya tumboni, nitayarudia.

Kwa hiyo tuna samaki asiye na mbio, asiye na meno, anayeishi kwa kutoonekana. Hubadili rangi kama kinyonga, na kama kinyonga huzungusha jicho moja huku na jingine kule. Mnyama wa namna hii haishi kwa makundi. Katika maji mengi alikochunguzwa, hupatikana mmoja hapa, mwingine mbali kule, na kumpata mwenzi ni kazi. Pengine ndiyo maana akimpata hamwachi kirahisi. Amanda Vincent, mwanabiolojia aliyekuwa wa kwanza kuwachunguza farasi-bahari chini ya maji wakiwa kwao, aliwafuatilia Hippocampus whitei karibu na Sydney, akaona kwamba kila asubuhi jike humwendea mumewe anapoishi, wote wawili wanang'aa rangi, wanashika jani moja na kulizunguka pamoja. Kisha jike anarudi zake. Hufanya hivyo siku zote za mimba, na hujuliana hali bila kuishi nyumba moja. Najua ndoa za watu zisizofika hapo.

Sasa turudi kwenye mfuko.

Je, ni mimba kweli, au ni kikapu tu? Wapo waliodhani ni kikapu. Lakini mayai yakiingia humo, ngozi ya ndani inavimba na kuyazingira, kila yai linapata shimo lake, na mishipa ya damu inaota pembeni. Baba huwapelekea watoto hewa ya oksijeni na huondoa uchafu wao. Huwapa mafuta na madini ya kalisi. Hurekebisha pia chumvi ya maji yaliyomo ndani, hata siku za mwisho yanakaribiana na ya bahari, ili watoto wasishtuke wakitoka. Mwaka 2015 Camilla Whittington wa Chuo Kikuu cha Sydney na wenzake walisoma jeni zinazofanya kazi ndani ya mfuko wa Hippocampus abdominalis wakati wa mimba, wakakuta nyingi zinafanana na zile zinazofanya kazi katika mimba ya mamalia, wakiwemo binadamu. Kwa ukaribu huo, si vibaya kusema mfuko una kondo la aina yake. Mimi hapo ndipo nilipoacha kuona haya kutumia neno mimba.

Kuna ushahidi mwingine uliotoka upande ambao wengi hatukuutarajia, upande wa kinga ya mwili. Mimba ni tatizo la kinga: mtoto ni nusu mgeni, na mwili umezoea kushambulia mgeni. Mamalia wana mbinu zao za kutuliza vita hiyo. Olivia Roth na wenzake walichapisha mwaka 2020 kwamba farasi-bahari na samaki-mrija wamebadili au kupoteza sehemu muhimu za mfumo wa kinga ambao karibu wanyama wote wenye uti wa mgongo wanao. Haieleweki kirahisi kwa nini samaki athubutu kupoteza silaha kama hiyo, isipokuwa ukikumbuka kwamba anabeba wageni tumboni.

Mimba huchukua wiki mbili hadi nne, kutegemea aina na joto la maji. Siku ikifika baba anajipinda na kujikunjua, anasukuma, anapumzika, anasukuma tena, na kila mara kikundi cha watoto kinachomoka. Ni kazi ya saa nyingi nyakati nyingine. Aina ndogo huzaa wachache. Aina kubwa huweza kuzaa zaidi ya 1,000 kwa mkupuo mmoja. Na hapa ndipo kufanana na sisi kunapokoma. Mwanamke haamui lini mji wa mimba ubane, misuli ile hujiendea kwa amri ya homoni. Mwaka 2022 Whittington na Jessica Suzanne Dudley walionyesha kwamba homoni ya farasi-bahari inayolingana na ile ya uchungu haikuubana mfuko hata kidogo. Walipochungulia vizuri walikuta karibu na mlango wa mfuko misuli iliyoshikamana na mifupa, mikubwa zaidi kwa dume kuliko kwa jike, ya aina ile tunayotumia kunyanyua mkono. Kwa hiyo inaelekea baba huyu anaufungua mlango mwenyewe.

Watoto wakishatoka, baba hawalei. Wanachukuliwa na mkondo na wengi mno huliwa. Siku hiyo hiyo au kesho yake, baba aweza kupokea mayai mengine.

Kwa nini basi baba? Watafiti hawasemi kwa sauti moja, ila kuna hoja inayonishawishi. Samaki wengi hurutubisha mayai nje ya mwili, majini, na dume aliyepo hapo hana uhakika kama mbegu zilizotangulia ni zake. Mayai yakiwekwa ndani ya mfuko uliofungwa, wasiwasi huo unaisha. Vipimo vya vinasaba kwa farasi-bahari wa Australia vimeonyesha kwamba watoto wa mfuko mmoja ni wa baba yule yule na mama mmoja. Mama naye anafaidika: baba akiwa bado na mimba, yeye tayari anaandaa mayai ya awamu inayofuata.

Wazo hili linapata uzito ukiangalia jamaa zao, kwa sababu huko unaona hatua hatua. Samaki-mrija wa jenasi Nerophis wa Ulaya hana mfuko. Mayai yamegandishwa tu kwenye tumbo la baba, wazi, kila apitaye anayaona. Wengine wana mikunjo miwili ya ngozi inayoyafunika nusu. Wengine mikunjo hiyo hukutana katikati. Farasi-bahari amefika mwisho wa njia hiyo, mfuko wenye mlango mdogo mmoja.

Halafu yupo jirani anayevuruga kila kitu. Familia ya Solenostomidae, ambayo wazamiaji huwaita samaki-mzuka kwa jinsi wanavyopotea machoni, ni ndugu wa karibu, wana mdomo ule ule wa mrija, na wanapatikana kuanzia mwambao wetu wa Afrika Mashariki hadi Pasifiki. Kwao anayebeba ni mama. Anabebea wapi? Kwenye mapezi ya tumboni, yale ambayo farasi-bahari ameyapoteza. Yamekua makubwa na kuungana pembeni yakawa kikapu kilicho wazi upande mmoja. Sisemi kwamba kupotea kwa mapezi ndiko kulikomtwisha baba mzigo, hakuna aliyethibitisha hilo. Nasema tu kwamba nilipojua hivyo nilikaa kimya kidogo.

Watu wengi pia hudhani kwamba dume akibeba mimba basi mambo yote yanageuka: jike ndiye anayetongoza, dume ndiye anayeona haya. Kwa baadhi ya samaki-mrija ni kweli. Majike wa Syngnathus typhle wa Ulaya na Syngnathus scovelli wa Ghuba ya Mexico hushindana wao kwa wao kugombea madume, kwa sababu nafasi tumboni mwa madume ni chache kuliko mayai yanayosubiri. Lakini kwa farasi-bahari ni madume wanaopigania jike, wanavutana mikia na kupigana vichwa, mimba au si mimba. Kinachoamua ni nani anakuwa tayari mapema zaidi kwa awamu nyingine. Tumbo peke yake haliamui.

Wala baba huyu si malaika. Kimberly Paczolt na Adam Jones waliripoti mwaka 2010 kwamba dume wa Syngnathus scovelli akipandana na jike mkubwa, mayai mengi huishi. Akipandana na jike mdogo, mengi hufa tumboni. Inaonekana anapima nani amzalie kwa nguvu na nani amzalie kwa kubana matumizi. Mwaka huo huo watafiti wengine walionyesha kwamba dume wa Syngnathus typhle hufyonza virutubisho vya mayai yaliyomo mwilini mwake. Sikumwambia mpwa wangu hili.

Pwani yetu ina wanachama kadhaa wa ukoo huu. Yupo Hippocampus borboniensis, jina lililotokana na Bourbon, jina la zamani la kisiwa cha Réunion. Yupo Hippocampus camelopardalis, yaani farasi-bahari twiga, anayeishi kuanzia huku hadi Msumbiji na Afrika Kusini. Farasi aliyeitwa twiga na bado ni samaki. Kwenye nyasi za bahari yupo samaki-mrija mnene wa kijani, Syngnathoides biaculeatus, ambaye akitulia huwezi kumtofautisha na jani.

Wavuvi wetu wengi huwaona wakiwa wameshanaswa kwenye juya au nyavu za kamba, na zamani pengine wangetupwa. Lakini Asia farasi-bahari aliyekaushwa ni dawa ya asili, hasa Uchina, hutafutwa kwa ajili ya pumu na nguvu za kiume. Utafiti uliofanywa Kenya na Tanzania mwaka 2000 ulikuta biashara hiyo imeshafika kwetu. Novemba 2002, kwenye mkutano wa Santiago, Chile, nchi wanachama wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, zilikubaliana kuidhibiti, na udhibiti ukaanza Mei 2004: hakuna kusafirisha nje bila kibali kinachothibitisha kwamba uvuvi hauwamalizi. Ilipendekezwa pia wasiuzwe wenye urefu chini ya sentimita 10. Tatizo ni kwamba nyavu ya kuburuta haisomi mkataba. Ikimzoa dume mwenye mimba imezoa na watoto mamia, na mwenzi aliyebaki hana mbio za kwenda kutafuta mwingine. Zikikwanguliwa nyasi, hata asiyenaswa amekosa pa kushika.

Wakati mwingine wanaokoka kwa njia ya ajabu. Hippocampus capensis, aliye hatarini, anaishi kwenye milango michache tu ya mito kusini mwa Afrika Kusini, na Knysna ndiyo ngome yake. Huko walijenga makazi ya kifahari kando ya maji na kuzuia kingo kwa masanduku ya nyaya yaliyojazwa mawe. Mtafiti Louw Claassens alipochunguza, alikuta farasi-bahari wamehamia kwenye nyaya zile, na ni wengi kuliko kwenye nyasi za jirani.

Mwisho nilimwonyesha mpwa wangu picha moja kwenye simu. Ilipigwa Sodwana Bay, kaskazini mashariki mwa Afrika Kusini, kwenye mwamba uliofunikwa mchanga na mwani mwekundu. Ndani yake kuna farasi-bahari wa sentimita mbili, aliyetambulishwa mwaka 2020, wa kwanza wa kundi la wale wadogo kabisa kupatikana Afrika. Waliompa jina walimwita Hippocampus nalu. Nalu ni jina la kati la mzamiaji aliyewaonyesha, na kwa Kizulu na Kixhosa maana yake ni kama kusema "huu hapa".

Aliitazama picha muda mrefu. Akaikuza, akaipunguza, akaigeuza simu kichwa chini. "Mjomba, hamna kitu hapa. Ni mchanga." Nikamwambia atafute jicho kwanza. Dakika nzima ikapita, kisha akabonyeza kioo kwa kidole.

"Huyu hapa!" Akainamia tena. "Ni baba au mama?"